Siku 28

Nilipomwambia Yaya kwamba nataka kuandika habari za ugonjwa wake kwenye kijarida chetu, hakukataa. Alikuwa anamenya mihogo. Akaendelea kumenya, halafu akasema: "Andika. Lakini uandike na ile bongo yako, usiandike paka mambo yangu." Kwa ndugu zetu wa mashirika waliojifunza Kiswahili cha Tanzania au cha Kenya: kwetu Katanga bongo siyo ubongo, ni uongo. Na paka hapo siyo mnyama, ni "tu". Basi nitaandika yote mawili, ila bongo yangu itafika mahali pake, msinikimbize.

Mimi ni mfanyakazi wa vijana hapa Mantapala. Napanga mechi za mpira, naendesha vikao vya vijana, na kukiwa na tangazo mimi ndo napewa megafoni kwa sababu nina sauti. Tumetoka upande wa Pweto, kule pembe ya kaskazini ya ziwa Mweru. Mwaka 2017 vita vilipotufikia tulivuka kuingia Chiengi, tukalala Kenani kwenye mahema, na mwaka 2018 tukaletwa hapa kufyeka msitu na kujenga. Wengi wenu mnaijua njia hiyo kwa miguu yenu wenyewe, sina haja ya kuieleza.

Yaya ni mkubwa wangu kwa miaka saba. Mgongo wake ndo ulinilea, mama akiwa sokoni. Ana watoto watatu. Alipomzaa wa tatu, mwaka 2019, hakurudi kuwa mtu yule tuliyemjua. Akibeba bidoni la lita 20 kutoka bombani alikuwa anasimama njiani, anaweka mkono kifuani, anangoja. Wakasema ni malaria imemla damu. Hapa Nchelenge kila kitu ni malaria, na kusema kweli mara nyingi ni malaria kweli, wilaya hii inajulikana Zambia nzima kwa ugonjwa huo. Akapimwa, hana malaria. Ikawa uchovu wa uzazi. Ikawa mtu wa jirani anamwonea wivu. Mwishowe muganga mmoja alimwekea kile chombo cha kusikilizia kifuani, akasikiliza muda mrefu kuliko kawaida, akamwambia akae vizuri asikilize tena. Akapelekwa mbali kupigwa picha ya moyo. Aliporudi alikuwa na karatasi na neno jipya: valvu.

Nitaeleza kama nilivyoelezwa, kwa sababu kuna wazazi watakaosoma hapa. Moyo una milango midogo ndani, ndo hizo valvu. Damu ikipita, mlango unafunga ili isirudi nyuma. Milango ya Yaya iliharibika alipokuwa mtoto, na kilichoiharibu kilianzia kooni. Mtoto anapata kidonda cha koo, kinaletwa na vijidudu fulani. Asipotibiwa, kinga ya mwili inayopigana na vile vijidudu inaweza kukosea adui ikaanza kupiga viungo na moyo wake mwenyewe. Niliposikia hivyo nikakumbuka kitu. Yaya akiwa na miaka kama kumi na moja, mimi mdogo sana, magoti yake yalivimba, kisha vifundo vya miguu, kisha viwiko, kama ugonjwa unatembea. Bibi alikuwa anampaka mafuta ya mbarika kila jioni na kumfunga vitambaa. Baada ya wiki kadhaa alicheza tena, tukasahau. Magoti yalipona. Moyo haukupona, ila ulinyamaza zaidi ya miaka kumi na mitano. Ugonjwa huu ni wa watu wasio na nafasi, waliolala wengi chumba kimoja na kliniki ikiwa mbali. Mwaka 2018, mwaka uleule Mantapala ilipoanzishwa, mkutano mkuu wa afya wa dunia kule Geneva ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu. Sisi hatukulisikia, tulikuwa tunatafuta miti ya kujengea.

Dawa yake kubwa ni sindano ya penisilini inayokaa mwilini muda mrefu. Kila siku 28, bila kuruka. Haitengenezi mlango ulioharibika, inazuia ugonjwa usirudi kuubomoa zaidi. Na inauma, jamani. Yaya amezaa mara tatu na anasema sindano ile ni mbaya kuliko uchungu wa mtoto wa pili. Anachechemea siku mbili. Juu yake kuna vidonge vya kutoa maji mwilini, vinavyomfanya aende choo usiku kucha. Kwa mwaka mzima alikwenda. Kadi yake ilijaa mihuri.

Halafu ikaja Korona.

Tarehe 18 Machi 2020 serikali ya Zambia ilitangaza wagonjwa wawili wa kwanza, Lusaka, watu waliotoka safari Ufaransa. Lusaka ni karibu kilomita 1,000 kutoka hapa. Siku chache baadaye shule zikafungwa, na vijana wangu wa mpira wakabaki wanazurura. Tukafundishwa sisi wa kujitolea: kunawa, kukaa mbali, barakoa, dalili. Nikapewa megafoni na karatasi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Kibemba. Nilikuwa na miaka 22 na nilijisikia mtu mkubwa, sitaficha. Nilikuwa napita kwa kinga, yaani baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika megafoni, watoto wananifuata mbio wakiimba "Korona, Korona".

Karatasi ilisema kwamba wazee na wenye presha, sukari au ugonjwa wa moyo wako katika hatari zaidi, kwa hiyo waepuke mikusanyiko. Mimi nikaona maneno hayo ni baridi, watu hawatasikia. Nikayapasha moto. Nikawa napiga kelele: "Wazee! Wenye presha! Wenye sukari! Wenye moyo! Ninyi ndo Korona inawapenda zaidi! Kaeni nyumbani!" Watu walicheka, lakini walikaa nyumbani. Mwisho wa karatasi kulikuwa na mstari mmoja mdogo, unasema wenye magonjwa hayo waendelee kutumia dawa zao na kuhudhuria kliniki kama kawaida. Ule mstari nilikuwa nausoma nyumba za mwanzo mwanzo. Baadaye betri zikiwa zinaisha, nilikuwa nauacha.

Niseme kidogo kuhusu woga wenyewe, kwa sababu wageni wengi wanaofika hapa wanadhani watu walikimbia kliniki kwa ujinga. Hapana. Sisi tunajua magonjwa ya kutengwa. Ufukwe huu wa Mweru, kambi za wavuvi, Kashikishi, visiwani, unajua kipindupindu; watu wameona mahema yakisimamishwa na ndugu wakiingizwa humo. Na kwetu Kongo kulikuwa na Ebola. Ile ya Kivu Kaskazini na Ituri ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Tulikuwa tunaifuata kwa redio miaka yote miwili tukiwa hapa: mgonjwa anachukuliwa, anazikwa na watu waliofunikwa mwili mzima, mama hamgusi mwanawe. Kwa hiyo ulipokuja ugonjwa mwingine wenye mavazi yaleyale, hatukuanza kuogopa siku hiyo. Tuliendelea tu tulipokuwa tumeishia. Na dalili yake kubwa iliyotangazwa, tena niliyoitangaza mimi, ilikuwa kupumua kwa shida. Sasa jiweke wewe mahali pa mtu wa moyo. Kupumua kwa shida ndo maisha yake. Akipanda kilima anahema, akicheka anahema. Akienda kliniki anahema tayari kwa sababu ya kutembea. Mbele ya kliniki yenyewe kumewekwa hema, na aliye na kikohozi au anayehema anaelekezwa huko kwanza. Yaya alikuwa anafika karibu na geti, anakaa chini ya msuku, anangoja pumzi irudi kabisa, ndipo anaingia anatembea polepole kama bibi harusi. Alinieleza hayo baadaye. Machi, Aprili, Mei, mpaka Juni alikwenda namna hiyo.

Sasa bongo yangu.

Mwisho wa Juni, wakati wa baridi, usiku mmoja nililala na simu. Binamu yangu wa Lubumbashi alikuwa ananitumia sauti kwenye WhatsApp, moja baada ya nyingine: fulani amekufa, fulani amekufa, kunyweni tangawizi, msinywe tangawizi. Na picha za majeneza ya Italia. Saa nane za usiku moyo wangu ukaanza kwenda mbio. Vidole vikafa ganzi, kifua kikabana kama mtu amenikalia, nikaona ndo nakufa. Nilikuwa na uhakika kabisa. Asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri, nilipanda kinga nikaenda kliniki. Mimi, kijana wa miaka 22 nisiye na ugonjwa wowote.

Kilichotokea kule ni hiki. Nesi mwenye barakoa na glavu alinikalisha kwenye benchi, nje, chini ya mti. Akashika mkono wangu akahesabu mapigo dakika nzima akiangalia saa. Akapima presha, akapima joto. Akaniuliza nililala saa ngapi, na kabla ya kulala nilikuwa nasikiliza nini. Nikaona aibu. Akaniambia moyo wangu ni mzima, huu ni wasiwasi, na wasiwasi unaweza kufanya mwili uonyeshe mambo ya kweli kabisa: mapigo, ganzi, kifua, jasho. Akanifundisha kupumua nikihesabu, kuvuta kwa nne, kutoa kwa sita. Akaniambia simu ilale chumba kingine. Sina chumba kingine, nikacheka, naye akacheka. Dakika ishirini kwa jumla.

Niliporudi nyumbani, watoto wa Yaya wakanizunguka: "Mjomba, walikufanya nini?" Na mimi nilikuwa na aibu ya kusema nimekimbilia kliniki kwa sababu ya sauti za WhatsApp. Kwa hiyo nikatunga. Nikasema waliniingiza kwenye hema. Nikasema walinivalisha kitu kichwani kama ndoo, wakanipulizia dawa kama mtu anavyopulizia mahindi yenye wadudu, wakanifungia humo saa tatu na watu wawili waliokuwa wanakoroma kama wanakata roho, na mmoja alipotolewa hakurudi. Nikawaigizia mpaka namna wale watu walivyokuwa wanakoroma. Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Yaya alikuwa mlangoni anapepeta unga. Hakucheka, lakini nami sikumwangalia sana.

Siku yake ya sindano iliyofuata ilikuwa tarehe 7 Julai. Alivaa, akachukua kadi, akatoka. Tarehe 4 Agosti vilevile. Ninyi mngejua vipi? Nami nilijua vipi? Alikuwa anaenda kwa rafiki yake upande mwingine wa makazi, anakaa huko mpaka mchana, anarudi anachechemea. Alikuwa anachechemea kwa makusudi ili tusimuulize.

Katika miezi hiyo mwenyewe anasema alikuwa na vitu viwili kifuani ambavyo hakuweza kuvitenganisha. Kwa Kiswahili chetu mtu akisema "roho inaniuma" huwezi kujua anasema nini. Huenda ana huzuni, huenda ana hasira, huenda kifua kinamuuma kweli. Wabemba nao umutima wao ni huohuo wa damu na wa mawazo. Yaya alikuwa akilala anasikia mapigo sikioni, akifikiri hema, mapigo yanaongezeka, akisikia yameongezeka anafikiri ndo moyo unaharibika, yanaongezeka tena. Halafu mimi nilikuwa nimeshawaambia wote nyumbani, mara hii ukweli, kwamba nesi alisema wasiwasi unaweza kufanya moyo uende mbio. Sehemu hiyo ya ukweli aliishika vizuri sana. Akajiambia: nami ni wasiwasi tu. Kwa hiyo bongo yangu ilimfungia njia ya kwenda, na ukweli wangu ukampa sababu ya kubaki. Hilo nimelifikiri usiku mwingi.

Mume wake wakati huo alikuwa anachukua ruhusa na kushuka ziwani, Kashikishi, kubeba na kuanika samaki kwa watu. Anarudi mara moja kwa mwezi na mfuko wa chisense. Lakini kila mwaka kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa ili samaki wazae, kwa hiyo mwezi wa kumi na mbili alirudi kukaa. Yeye ndo aliyeona, kwa sababu yeye ndo alikuwa analala naye. Katikati ya Januari 2021, mvua inanyesha kama imelipwa, alikuja nilipokuwa natengeneza kinga akasema kwa sauti ya chini: "Shemeji, Yaya yako halale tena. Usiku muzima anaikala tu, anaegamia ukuta. Akilala chini anaamka kama mutu anazama."

Hapo ningepaswa kuruka. Lakini Januari ile ndo wimbi la pili, redio zilikuwa zinataja vifo vingi, na neno la kwanza lililonijia siyo moyo. Ni Korona. Nikawaza: tukimpeleka, watamchukua. Nikawaza: nyumba yetu itajulikana. Nikawaza watoto, na kazi yangu ya megafoni, watu watasema mwenye kutangaza ndo mwenye ugonjwa. Nikamwambia shemeji tungoje kidogo, tuchemshe majani ya mkalitusi ajifukize. Tulingoja usiku mbili. Nimeandika mbili, na Yaya anajua ni mbili.

Siku ya tatu nilimletea uji, nikamwona amenyoosha miguu kwenye mkeka. Miguu ilikuwa inang'aa. Nikakumbuka alipokuwa mgonjwa mara ya kwanza muganga alitufundisha: bonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba, hesabu mpaka tano, toa. Nikabonyeza. Likabaki shimo, shimo la kidole changu kabisa, ungeweza kuweka maharage ndani likatulia. Wasiwasi hauwezi kufanya hivyo. Wasiwasi unaweza kukimbiza mapigo na kukausha mdomo, lakini haujazi maji kwenye miguu, wala haumzuii mtu kulala chali. Nikamwomba kadi. Akanipa bila kubishana, alikuwa amechoka kudanganya. Muhuri wa mwisho ulikuwa tarehe 9 Juni 2020. Nilihesabu nafasi tupu kwa kidole: saba.

"Yaya, juu ya nini?"

"Ulisema mwenyewe vile iko mule ndani."

Nikamwambia ilikuwa bongo. Nikamwambia pale pale, mbele ya mume wake, kwamba sikuingia hema, nilikalishwa kwenye benchi, nesi alinifundisha kupumua. Aliniangalia. Sijui kama mmewahi kuangaliwa hivyo na mtu aliyewabeba mgongoni. Kisha akasema: "Mi siogope kufa. Naogopa kufa peke yangu mu hema, batoto bananiangalia ku mbali."

Tulimkalisha nyuma ya kinga, shemeji anasukuma, mimi nashikilia, nailoni juu ya kichwa chake. Kliniki walimtazama mara moja tu wakaita gari la wagonjwa. Ndiyo, aliwekwa hemani kwanza, kwa nusu saa hivi, akapimwa Korona. Lilikuwa hema tu, na kiti, na ndoo ya kunawia. Nilisimama nje kwenye mvua nikiongea naye kupitia turubai ili asikie kuna mtu. Hakuwa na Korona. Akapelekwa hospitali kubwa chini kando ya ziwa, zaidi ya kilomita 30, barabara yote ni matope. Walimpa oksijeni, wakampiga sindano ya furosemaidi ya kutoa maji. Usiku wa kwanza alikojoa mpaka akaanza kucheka. Siku ya nne alilala chali. Alikaa siku kumi na moja.

Muganga mmoja kijana pale hospitalini, si mkubwa sana kwangu, alinikuta kwenye veranda asubuhi moja nikamwambia habari zote, na bongo. Nilitaka anigombeze. Yeye akanieleza kwamba Italia, nchi yenye hospitali kila kona, wiki moja ya Machi 2020 madaktari wa moyo walihesabu watu waliolazwa kwa shambulio la moyo wakaona wamepungua karibu nusu kuliko wiki kama hiyo mwaka 2019. Magonjwa ya moyo hayakuwa yamepungua. Watu walikuwa wamekaa nyumbani na maumivu yao wakiogopa hospitali. Sikujua nifarijike au vipi. Nikamwuliza swali nililokuwa nalo: zile sindano saba ndizo zilizoharibu? Akasema hakuna anayeweza kupima hilo kwa mtu mmoja. Mlango wake ulikuwa mbovu tangu zamani, labda ungefika hapo tu, labda usingefika mwaka huo. Nikarudi ndani na hiyo "labda".

Kabla ya hapo Yaya alikuwa anatembea mpaka shambani na kurudi. Sasa anapumzika mara tatu njiani, na maji nachota mimi. Wamemwambia asizae tena. Aliposikia hilo alisema sawa, lakini jioni niliona amekunja nguo za mtoto mdogo, zile alizokuwa amezitunza, akampa jirani.

Mwezi uliofuata mzee mmoja wa upande wetu alikufa nyumbani kwake. Alikuwa mtu wa presha, alikuwa anachukua vidonge miaka mingi, tena ni yeye aliyekuwa ananitania nikipita, "Korona inanipenda, sivyo?" Jamaa walisema alilalamika kichwa, upande mmoja ukalegea, wakaogopa kumpeleka. Hakupimwa kitu. Tulimzika wachache, mbali mbali. Sisemi alikufa kwa sababu ya sauti yangu, sijui na sitajua. Lakini sikuweza kupita karibu na ile nyumba na megafoni kwa wiki kadhaa, nikawa nazunguka nyuma kwenye mihogo.

Nilirudi kwa wanaotusimamia nikaomba ule mstari wa mwisho uwe wa kwanza. Sikulazimika kueleza sana, walikuwa wameona wenyewe kliniki kwamba watu wa presha hawaji. Nikaanza kutangaza hivi: "Wewe unayechukua dawa ya presha, ya sukari, ya moyo! Siku yako ya kliniki haikufutwa! Njoo na barakoa yako!" Haikutosha. Niliona kwamba mtu mwenye woga hawezi kuitikia megafoni. Megafoni inamwambia kila mtu, na yeye anaogopa mwenyewe. Kwa hiyo nikawachukua vijana watano wa mpira, wale waliokuwa wanazurura, tukagawana nyumba. Kazi haikuwa kufundisha. Kazi ilikuwa kuuliza "kadi iko wapi, tarehe gani," na siku ile ikifika kutembea naye mpaka kwenye benchi na kukaa hapo. Mama mmoja alikuwa amekata vidonge vyake vya presha vipande viwili tangu Agosti ili visiishe, asilazimike kurudi kuchukua vingine. Mwingine alikuwa anawapa watoto wa jirani chumvi ya ziada kwenye chisense na kujinyima yeye, akisema hiyo inatosha badala ya kliniki. Vijana walikuwa wanarudi na hadithi hizi jioni, na ndipo nikajua nyumba yetu haikuwa peke yake.

Jambo moja nililowakataza: kuigiza. Hakuna kuigiza kliniki, hata kwa watoto, hata kidogo. Hawakuelewa kwa nini nimekuwa mkali hivyo. Sasa watasoma hapa.

Chanjo ilianza kutolewa Zambia Aprili 2021 na wakimbizi hatukuachwa nje. Zamu yetu ilipofika Yaya alichanjwa. Mimi nilichanjwa siku ileile, nikafunga macho, yeye akasema ukilinganisha na ile yake hii ni mbu.

Mlango wetu ni wa mbao za masanduku. Upande wa ndani Yaya anachora mistari kwa mkaa, mmoja kila asubuhi, na akitoka kuchomwa sindano anaifuta yote kwa kitambaa chenye maji na kuanza tena. Watoto wameanza kuhesabia hapo hesabu za shule. Asubuhi hii mtoto wa kati alihesabu kwa sauti, akafika 19, akaniuliza bado ngapi. Nikamwambia ahesabu mwenyewe. Bado tisa.